Mtungi wa Daktari Rosner

Mjukuu wangu Jovin aliwadanganya watu wawili kwa wakati mmoja, kwa lugha mbili, bila kutokwa jasho, nami nimesimama hatua chache kutoka kwake. Nilimkaripia palepale, hadharani, mbele ya wageni na mbele ya wafanyakazi wa katapila. Katika utumishi wangu wote wa ualimu mkuu niliwakataza walimu kumwaibisha mwanafunzi mbele ya watu. Siku ile niliivunja kanuni yangu mwenyewe na sijaijutia.

Nilikuwa nimefika Guangzhou mwaka 1998, mwezi wa tatu, kwa tiketi aliyonitumia yeye. Jovin alikuwa amesomea huko mambo ya viwanda vya nguo, kisha akabaki kuwahudumia wafanyabiashara wetu: huwapeleka madukani, huwatafsiria, huhakikisha mizigo yao inafika bandarini Huangpu na kupakiwa. Mimi pale Bukoba nilikuwa nimemsifu kila Jumapili baada ya misa, mpaka paroko akawa akiniona naelekea kwake anakumbuka ana shughuli. Kijana wa Kihaya anayekikata Kichina mpaka Wachina wenyewe wanageuka kutazama. Ni nani asingejivuna?

Alikuwa amepanga vyumba viwili katika nyumba ya zamani, kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Mwenye nyumba alikuwa Bibi Leung, mjane aliyepita miaka sabini na mitano, mfupi, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kubishana na wauza samaki. Jovin alimwita Popo, ambalo kwao ni neno la heshima kwa bibi kizee. Mimi nililiona gumu kumwita mama wa watu jina la mnyama anayelala kichwa chini, nikamwita Mama Leung.

Jioni moja, tukinywa chai jikoni kwake, alinisimulia habari ya daktari, Jovin akitafsiri.

Wakati Wajapani wameukalia mji huo, nyumba ile ilikuwa duka la vitu vya mazishi vya karatasi. Familia ya mumewe ilitengeneza nyumba za karatasi, farasi wa karatasi na watumishi wa karatasi wenye kimo cha mtu, ambavyo huchomwa moto ili marehemu avikute huko aendako. Yeye alikuwa mke kijana, ameolewa juzijuzi. Mtu mmoja akabisha hodi. Alikuwa Daktari Rosner, Myahudi wa Viena, aliyefukuzwa kwao na Wajerumani akapata hifadhi Hong Kong, na Wajapani walipoingia Hong Kong akakimbilia vijijini. Huko aliwatibu wapiganaji wa Kichina, na sasa askari wa upelelezi walikuwa wakimtafuta.

“Kwa nini mlimpokea?” niliuliza.

“Alibisha, mama mkwe akafungua,” alijibu. “Ukishafungua utafanyaje?”

Walimweka darini, katikati ya watumishi wa karatasi, kwa miaka miwili na nusu. Askari walikuja kupekua. Yule wa mbele alipanda ngazi, akachungulia, akaona safu ya watu weupe wa wafu wamekaa gizani wakimtazama, akateremka upesi na kusema hakuna kitu. Daktari alikuwa wa tatu kutoka dirishani, amevaa joho la karatasi.

Miezi michache kabla ya vita kwisha alikufa kwa homa. Hapo familia ilibanwa kweli, kwa maana maiti ya Mzungu haiwezi kutolewa mlangoni mchana, na darini haikai. Mama mkwe akatangaza mtaani kwamba kaka yake wa shamba amefariki. Jeneza likafungwa, familia nzima ikavaa nguo nyeupe za msiba, wakamlilia siku tatu kwa sauti. Wakambeba kupita kizuizi cha askari mpaka kwenye kilima cha ukoo wa Leung, karibu na Shiling, wakamzika huko.

“Tangu siku ile akawa mjomba wetu,” alisema Mama Leung. “Huwezi kumlilia mtu siku tatu, halafu vita vikiisha useme hakuwa wako.”

Na kwa kuwa alikuwa wao, walimfanyia yale wanayowafanyia wao. Miaka saba ilipopita walimfukua, wakaifuta mifupa yake mmoja mmoja kwa kitambaa, wakaipanga katika mtungi wa udongo, miguu chini, fuvu juu. Ndiyo desturi yao. Niliposikia hayo nilikisukuma kikombe. Sisi Wahaya tunamzika mtu katika kibanja chake, migombani, na aliyezikwa haguswi tena. Kibanja chenye makaburi hata kukiuza ni aibu. Mama Leung aliniona nilivyokunja uso, akaendelea kunimiminia chai.

Kisha akaniambia kilichokuwa kikimsumbua. Kilima kile kilikuwa kimenunuliwa na mwenye kiwanda cha mikoba ili apanue karakana zake. Mitungi ya akina Leung yote ilikuwa imehamishiwa makaburi mapya ya serikali, isipokuwa mmoja. Wazee wa ukoo walikataa kuuhamisha: huyu ni mgeni, walisema, jina letu hana, atafutwe ndugu yake. Mtungi ambao haungekuwa na wa kuuchukua ungesombwa na katapila pamoja na udongo Alhamisi, saa sita mchana. Mama Leung hakuwa na mahali pengine pa kuuweka. Nilimuuliza mara mbili, naye mara mbili akajibu hana. Lakini alikuwa amemwomba mwalimu mmoja wa Hong Kong amtafutie, na mwalimu yule alikuwa amempata mtoto wa ndugu yake daktari huko Australia. Angefika Jumatano. Jovin ndiye angekuwa mkalimani.

Nilimwambia Jovin usiku huohuo kabla ya kulala kwamba hiyo ndiyo kazi ya maana kuliko zote alizowahi kupewa. Aliinamisha kichwa akasema, “Ndiyo, Babu.”

Alhamisi asubuhi lilikuja gari zuri jeusi lenye dereva.

“La nani hili?” niliuliza.

“La rafiki, Babu. Panda.”

Bwana Rosner alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, mrefu, mwenye miwani minene. Alikuwa amevaa kofia ndogo ya dini yao na kushika kitabu kidogo cha sala. Tulizungumza njiani kwa Kiingereza, ambacho mimi nilifundishwa na mapadri kwa fimbo na kwa hiyo ninakijua. Aliniambia kwamba baba yake alikuwa na ndugu watano, na mahali walipoishia wanne hakuna anayeweza kupaonyesha. “Huyu peke yake ndiye mwenye kaburi,” alisema. “Ninakwenda kusimama kwenye kaburi.”

Nilimtazama Jovin. Alikuwa ameketi mbele, anatazama nje.

Kilima kilikuwa kimechunwa chote, udongo mwekundu mtupu. Katapila lilisimama kando, injini inanguruma, na msimamizi wake ameketi juu ya tairi kuukuu na watu wake wanne. Katikati ya mteremko ulikuwepo mtungi mmoja wa kahawia, wenye kifuniko, unaonifikia magotini. Mama Leung alitandika karatasi nyekundu, akapanga machungwa, vikombe vitatu vya pombe, na sahani ya nyama ya nguruwe ya kuokwa, ngozi yake inang’aa.

“Kaburi liko wapi?” aliuliza Bwana Rosner.

Jovin akaonyesha mtungi.

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi nyingi kupita kiasi.

“Walimfukua,” alisema. “Alikuwa na kaburi, wakamfukua. Nani aliwapa ruhusa? Kwetu maiti hasumbuliwi. Na hiki kwenye sahani ni nini?”

“Ni cha kumkaribisha marehemu,” alisema Jovin.

“Ni nguruwe. Wamekuwa wakimwekea nguruwe?”

“Kila mwaka, nadhani.”

“Ndugu zake hawana hata jivu. Huyu mmoja dunia ilituachia mzima, nao wakamchambua kama dagaa na kumtia ndani ya chungu. Hawa ni watu wa namna gani? Mwulize. Nataka ajibu.”

Jovin alimgeukia Mama Leung na kusema maneno machache, laini, ya pole. Mama Leung akatabasamu. Akainama mara mbili mbele ya yule bwana aliyekuwa ametoka kumtukana, akaisogeza sahani karibu yake. Masikio yangu yakapata moto.

Kisha Jovin akamgeukia Bwana Rosner, na haya nilimsikia kwa Kiingereza, neno kwa neno: “Anasema anaelewa na anaomba radhi. Familia imekwisha kupata mahali. Kesho watamzika tena, ardhini, kama mnavyotaka ninyi. Huna haja ya kubeba kitu. Soma sala yako, bwana, halafu twende mjini tukapumzike.”

Wakati huohuo Mama Leung alikuwa akikunjua mbeleko nyekundu aliyokuja nayo mkobani, ile ya kubebea watoto mgongoni, na kumsogelea Bwana Rosner ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa anamletea ili abebee mtungi. Jovin alijiingiza kati yao upesi, akamnong’oneza bibi neno, bibi akairudisha mbeleko mkobani akiwa ameridhika. Halafu Jovin akamtazama msimamizi wa katapila na kumpa ishara ndogo sana ya kichwa. Nimesimamia mitihani miaka thelathini. Kichwa cha namna ile ninakifahamu.

“Jovin,” nilisema. “Umemwambia nini mama huyu?”

“Twende garini, Babu, nitakueleza.”

“Umemwambia nini?”

Akajikuna shingo. “Kwamba mgeni atauchukua.”

“Na mgeni umemwambia mama anaubakiza.”

Akatazama upande wa gari.

“Sasa wote wawili wakishuka kilima wakiamini hivyo, saa sita katapila litafanya nini?”

“Babu, tafadhali, sauti.” Alikuja karibu nami, akaanza kusema haraka haraka. “Hii ni mifupa tu. Laobani, bosi wa kiwanda, amesema kilima kikisafishwa leo bila kelele, oda yetu inaingia ya kwanza. Herieth na wafanyabiashara wenzake kutoka Mwanza wanasubiri mikoba hiyo, kontena liko nusu tupu. Yule Mzungu ungemwacha aseme yake, Popo angeugua. Popo ungemwacha aseme yake, Mzungu angepiga ngumi. Mimi nimempa kila mtu anachotaka kusikia. Yule anaondoka na amani, huyu anarudi na amani. Nimemdhulumu nani, Babu?”

Hapo ndipo nilipokasirika. Kabla ya hapo nilikuwa nimeudhika tu.

“Simama wima,” nilimwambia.

Ana miaka ishirini na minane na suti ya Hong Kong. Alisimama wima.

“Gari lile ni la huyo laobani wako?”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo umenileta kwenye mazishi ya mtu ndani ya gari la anayemtupa. Nikae kiti cha nyuma, nishukuru kwa kiyoyozi. Sikukusomesha kwa kahawa yangu ili ujue lugha tatu halafu usiseme kweli hata kwa moja. Mtu huyu alipita kizuizi cha askari wenye bunduki kwa sababu mwanamke mmoja alimlilia vizuri. Wewe hata mkoba unakushinda nguvu. Sasa utamwambia kila mmoja ulichomwambia mwenzake. Baada ya hapo utatafsiri kila litakalosemwa, la kwao wote wawili, bila sukari.”

“Babu, wataniua.”

“Watakuzika. Hawa wanajua kuzika.”

Wafanyakazi wa katapila hawakuelewa neno, lakini mmoja wao alizima injini ili asikie vizuri zaidi.

Jovin alianza na Mama Leung. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akampiga kofi la bega, si la mzaha, kisha akataka kujua mgeni alikuwa amesema nini hasa. Jovin alinitazama. Nikamtazama. Akatafsiri: kufukuliwa, dagaa, chungu, nguruwe, watu wa namna gani. Nilijua amefika kwenye nguruwe kwa sababu bibi alimkatiza.

“Hawali?”

“Hawali, Popo. Dini yao inakataza.”

Mama Leung aliketi kwenye udongo, huku Jovin akimkiri Bwana Rosner kwamba familia haikuwa na mahali na kwamba mtungi ungesombwa saa sita. Kisha bibi alisema polepole, na Jovin akatafsiri polepole, kwa Kiingereza, ili sote tusikie.

“Miaka miwili na nusu aliisukuma sahani kando. Nyama ilikuwa haipatikani, tukipata kipande tunampa yeye kwanza, naye anasukuma. Mama mkwe alisema: huyu ana adabu, anaona haya kutumalizia nyama. Akasema: akitangulia yeye au nikitangulia mimi, kule atakula ya kutosha. Ndiyo maana sijawahi kuruka mwaka. Hata miaka ile ambayo kuwawekea wafu chakula kulikuwa kosa, nilimletea, nimeificha kifuani.”

“Na hakuna aliyemwuliza?” alisema Bwana Rosner. Sauti yake ilikuwa bado kali. “Miaka miwili na nusu, hakuna aliyemwuliza kwa nini hali?”

“Tumwulize kwa lugha gani? Yake hatukuijua, yetu hakuijua. Na hakuruhusiwa kutoa sauti.”

Bwana Rosner alivua miwani. Nilidhani angelainika, lakini hakulainika. “Hata hivyo,” alisema, “kumfukua. Hilo siwezi kulikubali.”

Basi nami nikasema, kwa kuwa hasira yangu ilikuwa bado ina pa kwenda. Nilimwambia kwamba kwetu pia kaburi halifukuliwi, na kwamba jikoni kwa mama huyu nilichukizwa pengine kuliko yeye. Nilimwambia hana wajibu wa kuipenda desturi ile. Lakini asiulize tena hawa ni watu wa namna gani, kwa sababu jibu amelikanyaga: kilima kizima kimehamwa, wenye ukoo wamebeba wao wakaondoka, na mwanamke huyu amebaki na mtungi usio wa kwake, anamngoja mtu mwenye haki ya kuuchukua, naye amefika na anachagua sahani.

Aliniangalia kwa chuki. Sikumlaumu, wala sikuyarudisha maneno yangu.

“Alikufa lini?” aliniuliza hatimaye. “Baba yangu hakujua tarehe. Kwetu siku ya kifo ndiyo siku ya kumkumbuka. Hatujawahi kuwa nayo.”

“Mimi sijui,” nilisema. “Anayejua ameketi hapo.”

Jovin akatafsiri. Mama Leung akaukumbatia mtungi.

“Tarehe ninayo,” alisema. “Kwanza aseme anampeleka wapi.”

“Hong Kong,” alisema Bwana Rosner. “Watu wetu wana makaburi huko. Treni ya leo jioni. Atazikwa ardhini na hatafukuliwa tena.”

“Na nani atamlisha?”

“Wafu wetu hawalishwi.”

“Basi simtoi.”

Msimamizi aliinuka juu ya tairi, akatazama jua, akamwambia mwenzake awashe injini. Moshi ukatupiga usoni. Mama Leung hakugeuka hata kidogo.

“Mwambie,” alisema Bwana Rosner, ikabidi apaze sauti kuushinda mngurumo, “tunawasha taa siku hiyo, na tunasema sala, na tunamtaja jina.”

“Nani anamtaja?”

“Mimi.”

“Wewe ni mzee. Ukifa?”

“Binti yangu.”

“Ameolewa?”

“Ameolewa.”

“Ana watoto?”

“Mapacha.”

“Wanalijua jina la huyu?”

Bwana Rosner alisita. “Mmoja wao ameitwa jina lake,” alisema.

Alikuwa akihojiwa kama mkwe aliyekuja kuposa, na alijibu kama mkwe, mikono mbele. Mama Leung alifikiri. Kisha akaitaja tarehe, kwa kalenda yao, na Jovin akaipiga hesabu mara mbili vidoleni kabla ya kuthubutu kuitamka. Bwana Rosner aliirudia kwa midomo tu. Akaivua kofia ya jua aliyokuwa amevaa juu ya ile ndogo, akainamisha mgongo, na bibi akamfungia mtungi kwa mbeleko, fundo kifuani, kama anavyofungiwa yaya.

“Nyama aiondoe,” alisema Bwana Rosner. “Ninaomba.”

Mama Leung aliikunja kwenye karatasi nyekundu na kumkabidhi msimamizi wa katapila. Walianza kuila kabla hatujapiga hatua ya kwanza.

Tulishuka bibi akiwa mbele, kijiti cha ubani mkononi, akimwita marehemu asipotee njia. “Daktari, tunashuka. Daktari, hapa kuna mfereji. Daktari, pinda kushoto.” Jovin alitafsiri na hayo pia. Nilitarajia Bwana Rosner akatae. Lakini penye mfereji aliruka kwa uangalifu, na penye kupinda alipinda.

Dereva wa gari jeusi alitufungulia mlango. Nilimpita.

“Babu, basi liko mbali,” alisema Jovin.

“Miguu unayo.”

“Laobani ataona tumemdharau.”

“Ndivyo ilivyo. Mtafsirie.”

Hakumtafsiria dereva, lakini alitufuata. Kituoni kondakta aliuliza mtungi una nini. Mama Leung akamjibu kwamba ni mjomba, na kondakta akamwondoa abiria mmoja kiti cha mbele ili Bwana Rosner aketi vizuri.

Oda ya mikoba ilikwenda kwa mtu mwingine, na Herieth alimsema Jovin kwa simu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Niliporudi Bukoba paroko aliniuliza habari za mjukuu. Nilimjibu kwamba ni mzima, nikaishia hapo. Bado nimemkasirikia. Lakini siku ile, ndani ya basi, alisimama njia nzima kati ya viti viwili, ameshika bomba juu, kwa kuwa Mama Leung alikuwa na mambo ya nusu karne ya kusema na Bwana Rosner alikuwa na maswali ya nusu karne. Kila Jovin alipotaka kufupisha, nilikohoa.

“Babu,” aliniambia tulipokaribia mjini, “sauti imekwisha.”

“Amesema nini sasa?”

“Anasema Daktari alikuwa akikoroma vibaya. Mama mkwe alimlazimisha kulala mchana, wakati wa kupiga nyundo dukani, ili majirani wasisikie.”

“Basi mwambie bwana huyu.”

Akamwambia.